Karani na Kisanduku cha "Si Lazima"

Karani alikuwa na kalamu mbili katika mfuko wa koti lake: nyeusi ya kuandikia na nyekundu ya kukatia. Ile nyeusi ilimtosha miezi. Nyekundu ilikwisha wino kila baada ya wiki mbili, na sisi tulioijua kazi yake hatukushangaa. Ukimwendea na habari ya kurasa tatu utaondoka na mistari minne, na ukilalamika ataukata na huo wa nne.

Sijui alizaliwa mwaka gani, wala ukoo wake unakutana wapi na wa nani. Nilimkuta keshastaafu ukarani wa mahakama, keshaweka meza yake barazani kwa fundi cherehani hapo Wete, na watu washazoea kumwita Karani kana kwamba kisiwa kizima hakina karani mwingine. Aliandikia watu barua: za kuomba kazi, za kuomba uhamisho, za kumtaka radhi mkwe. Alivaa koti juu ya kanzu hata jua liwe kali vipi, ndevu kazitia hina, na mashine yake ya chapa ilipiga kelele mpaka ikaishinda cherehani ya fundi. Kompyuta aliikataa kabisa. Alisema haitoi nakala ya kaboni, na yeye hakuwahi kuandika barua asibaki na nakala yake, akaenda kuihifadhi nyumbani katika maboksi ya majani ya chai.

Halafu kulikuwa na ile karafuu. Kila alipomaliza kuikunja barua, kabla hajaipaka gundi bahasha, alitumbukiza ndani yake chembe moja ya karafuu kavu. Moja tu. Iwe barua ya kwenda wizarani au ya kwenda kwa mwanamke aliyeachwa, karafuu iliingia. Fundi alikuwa akimwambia ipo siku watu watadhani ni uganga.

"Nataka waijue barua imetoka Pemba hata kabla hawajaifungua," Karani alijibu. "Wewe shona."

Nilianza kumwendea nikiwa kidato cha pili, mama aliponituma kumwandikisha barua ya kuhama skuli. Barua ikaisha, mimi sikuondoka. Nilipenda kusikiliza kesi zake za zamani, na tangu hapo nikitoka masomoni nilipitia pale barazani, nikanywa chai ya mkandaa, isiyo maziwa, ya bure na kusikia nani alimshitaki nani. Nadhani ndipo sheria iliponiingia. Nilipomaliza kidato cha sita nilikuwa sitaki kitu kingine duniani. Na huyu ndiye mtu aliyenizuia nisijieleze, siku ambayo kila aliyenipenda alinitaka nijieleze.

Kanuni yake ilikuwa moja: jibu ulichoulizwa. Aliitoa mahakamani, na ushahidi wake alikuwa nao tayari. Alisimulia, pengine mara hamsini, habari ya bwana mmoja aliyeitwa kutoa ushahidi katika kesi ya mahari. Hakimu akamwuliza, "Siku ya posa ulikuwepo?" Yule bwana akajibu, "Nilikuwepo, mheshimiwa, wala lile jiwe la mpaka sikulisogeza mie." Hakuna aliyekuwa amemwuliza habari ya jiwe. Hata jirani yake alikuwa hajajua kama jiwe limesogea. Alitoka pale shahidi wa kesi moja na mshitakiwa wa kesi nyingine.

"Mahakama nzima ikageuka kumtazama," Karani alikuwa akimalizia, huku akijifuta machozi ya kicheko. "Na mwenyewe hajui kasema nini."

Siku moja alikuja mtu wa kisiwa cha Fundo. Shemeji yake alikuwa ameolewa, naye arusini hakufika, na mkwewe kanuna tangu siku hiyo. Alitaka barua ya kujitetea. Akaeleza: mashine ya boti ilizimika, kisha maji yakapwa, kisha alipofika bandarini gari ishaondoka, kisha simu nayo ikaisha chaji. Karani aliandika yote, neno kwa neno, kwa adabu kubwa. Halafu akaitoa kalamu nyekundu. Ilipotua, karatasi ilikuwa imebakia na maneno haya: "Mama, arusini sikuja. Nimekosa. Naomba radhi."

"Na mashine ilozimika?" yule mtu akauliza, karibu kulia.

"Mkweo ni fundi wa mashine?"

"Siye."

"Basi mashine anaitakia nini?"

Mwezi uliofuata yule mtu wa Fundo alirudi na pweza wakavu wawili. Mkwe kasamehe, tena kamsamehe mbele ya watu.

Sasa ungedhani mtu wa namna hii mwenyewe alikuwa na maneno machache. Wapi! Karani hakuwa na jambo hata moja asilolitolea maelezo. Akichelewa sala ya alasiri kwa rakaa moja, alimngoja imamu mlangoni amweleze namna ukanda wa kiatu ulivyokatika, na ulikatikia wapi, na nani alikuwa shahidi. Akinunua mkate mmoja badala ya miwili, mwenye duka aliijua sababu, akitaka asitake. Daktari alimkataza sukari, naye akawa anatangaza kwa kila anayepita kwamba chai yake haina kitu. Siku moja nikafungua mtoto wa meza kutafuta pini, nikakuta halua imefungwa kwenye karatasi ya mahakama. Sikusema neno. Alinieleza kwa nusu saa kwamba ni ya mgeni, mgeni huyo ni nani, kwa nini hajaja, na kwa nini kipande kimoja kimepungua.

"Karani akipiga chafya," fundi alisema, "lazima uambiwe na sababu."

Niliwahi kumwuliza mbona kanuni yake haimhusu mwenyewe. Akasema mdomo ni mdomo na karatasi ni karatasi, kisha akaendelea kunifafanulia tofauti hiyo mpaka muadhini akamkatiza.

Chuo nilichokitaka kilikuwa Unguja, na kilikuwa na mtihani wake wa kuingilia. Mwaka wa kwanza nilikosa kwa nukta chache. Baba akasema nijaribu tena, lakini hii ya pili ndiyo ya mwisho. Nikikosa niende nikasomee ualimu kama dada zangu. Ualimu si kazi mbaya. Mimi tu sikuutaka, na nilikuwa siwezi kulala vizuri kwa kuufikiria.

Mtihani ulifanyika katika skuli moja hapo hapo Wete, asubuhi, katikati ya msimu wa karafuu. Anayeijua Pemba msimu huo anajua kwamba penye saruji yoyote pana majamvi. Barazani, kando ya barabara, kwenye kiwanja cha mpira, karafuu zimeanikwa. Katika sakafu ya nje ya skuli ile kulikuwa na majamvi sita ya mtu, na harufu yake ilituingilia madirishani.

Sehemu mbili za kwanza zilinipendeza. Ya tatu ilikuwa ya kufikiri kwa mantiki. Nimefika suali la tisa, nikasikia tone juu ya bati. Halafu la pili. Halafu sauti ya mtu huko nje: "Mvua! Mvua jamani, karafuu!"

Wallahi sikuamua kitu. Mimi ni mtoto wa Mtambwe, kwenye mashamba ya karafuu. Tangu nina miaka mitano, sauti hiyo ikipigwa huachwa chungu mekoni, huachwa mgeni sebuleni, watu hukimbia, na hakuna anayeuliza majamvi ni ya nani. Karafuu ikirowa hugeuka rangi na daraja lake hushuka, na jasho la msimu mzima limekwenda. Nilipojitambua nilikuwa nimepiga magoti nje, mikono yote miwili inakusanya, na pembeni yangu wasichana wawili wa shamba wanafanya vilevile. Tulizirundika pamoja, tukazifunika turubali, tukarudi mbio tunahema, mikono inanukia.

Msimamizi alikuwa ametoka bara. Alisimama mlangoni kinywa wazi. Kwa upole kabisa akatuambia kwamba aliyetoka haruhusiwi kurudi mpaka sehemu inayofuata ianze. Watahiniwa wa mjini, ambao hawakuinuka, walikuwa wakiendelea kufikiri kwa mantiki.

Matokeo yalipokuja, sehemu zote nilikuwa juu ya themanini, isipokuwa hiyo. Hiyo nilipata thelathini na moja. Na fomu ya maombi, ile ya kujaza kwenye simu, ilikuwa na kisanduku chini kabisa: "Maelezo kuhusu alama zako, kama unayo. Si lazima. Yasizidi maneno mia mbili."

Mama aliona mlango umefunguka. "Eleza, mwanangu," aliniambia. "Wakijua ulikuwa waokoa mali ya watu watakuonea imani." Dada zangu wakasema hivyohivyo. Nikaandika maneno mia na tisini na tisa. Nilianza na mvua, nikapita kwa mila na desturi za wazee wetu, nikamtaja bibi yangu, ambaye siku ile hakuwepo wala hakuhusika. Nikaenda nayo kwa Karani nikiwa na hakika kwamba kwa mara ya kwanza kalamu nyekundu itakosa kazi.

Nilimsomea nikingoja acheke, maana kisa chenyewe kinachekesha. Hakucheka. Alivua miwani akaiweka juu ya mashine.

"Nani alozifunika turubali?"

"Mie, na wenzangu wawili."

"Na yale mawe ya kuligandamiza, nani aloyapanga?"

"Siye."

"Mlipanga vyema," akasema. Nikaona fundi naye kaacha kushona, anamtazama. Nilidhani wameguswa na maandishi yangu.

Kisha akavaa miwani tena. "Hichi kisanduku kimekuuliza nini?"

"Hakikuuliza. Kimenipa nafasi."

"Nafasi si suali. Hiyo thelathini na moja ni yako au si yako?"

"Ni yangu."

"Ulitolewa au ulitoka?"

"Nilitoka mwenyewe. Lakini Mzee Karani, hawatajua sababu!"

"Sababu ukiitoa weye, ama wajisifu ama walia. Mtu akiisoma hatajua kipi. Wameandika si lazima, sasa weye wajilazimisha nini?" Na kalamu nyekundu ikapita kutoka pembe hadi pembe, juu ya mvua, juu ya mila na desturi, juu ya bibi yangu.

"Na wakinikataa?" nikauliza. "Nikasomeshe watoto wa chekechea maisha yangu yote kwa sababu wewe hupendi barua ndefu?"

Fundi akataka kusema kitu, Karani akamzuia kwa mkono. "Wakikuita wakakuuliza," akaniambia, "sema kweli yote, usiache hata jamvi moja. Wasipokuuliza, nyamaza. Mengine niachie mie na Mungu wangu."

Niliondoka bila ya kuaga. Siku tatu nilipita upande wa pili wa barabara nisimwamkie, na najua aliniona, kwa sababu mashine ilikuwa ikinyamaza nikipita. Siku ya mwisho ya kutuma fomu niliyasoma tena maneno yangu mia na tisini na tisa. Nilikuwa nimeyapenda sana wiki iliyopita. Sasa nilimwona humo msichana anayevuta nguo ya mtu ili aonewe imani, na sikumpenda. Nikakiacha kisanduku kitupu, nikatuma, halafu nikamficha mama kwa siku mbili.

Wiki tano baadaye waliniita kwenye usaili. Nilipanda boti kwenda Unguja na buibui langu jipya. Mezani walikuwa watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, mkubwa wa sauti. Mbele yake palikuwa na bahasha ya kaki, na kidole chake kilikuwa kikizungusha chembe ya karafuu juu ya meza. Nilidhani jino linamwuma, maana kwetu anayeumwa jino hutembea na karafuu.

"Sehemu ya mantiki umepata thelathini na moja," akasema. "Kulitokea nini?"

Nimeulizwa, nikajibu. Nilisema yote, mpaka lile jamvi la sita ambalo hatukuliwahi, likarowa.

"Karafuu zilikuwa za nani?"

"Sijui mpaka leo."

"Na hukuuliza?"

"Mvua haikutupa wasaa, mama."

Mmoja wao akacheka. Mwenyekiti hakucheka, lakini karafuu ilikuwa imesimama chini ya kidole. "Mbona hukuyaandika haya kwenye fomu? Nafasi ilikuwepo."

"Iliandikwa si lazima. Na alama ni zangu, nilitoka mwenyewe."

Akaitazama ile bahasha, akaiweka pembeni, na wakaendelea kuniuliza mambo mengine. Mwisho wa mwezi nilipata jibu. Nimekubaliwa. Mama alipiga kigelegele kikasikika nyumba ya saba, na mimi nikashika njia ya barazani kwa fundi nikiwa na halua ya kuomba radhi. Karani aliitazama halua, akamtazama fundi, akaieleza hadhara yote kwamba hii ni ya mgeni.

"Uliulizwa ukajibu," akaniambia. Kisha akachukua saa nzima kunieleza kwa nini yeye hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

Nimekuwa wakili mwaka wa tatu sasa, na ofisi yangu iko Chake. Msimu uliopita nilikwenda kumwona nyumbani kwake, kwa kuwa magoti yamemkatalia na barazani haendi tena. Nilimkuta uani, kwenye kiti, koti juu ya kanzu, mwavuli mkononi, analinda majamvi manne ya karafuu. Alitaka kuandika wasia na alihitaji hati ya shamba lake.

"Imo kwenye maboksi, wakili," akasema. Ananiita wakili tangu siku ile ya halua. "Yamepangwa kwa miaka. Usinivurugie."

Niliingia ndani nikayafungua. Barua za kisiwa kizima zilikuwa humo, nakala za kaboni za rangi ya buluu, zimefifia. Nilimkuta mtu wa Fundo na mkwewe. Nilijikuta mwenyewe, naomba kuhama skuli. Na katika boksi la mwaka wa mtihani wangu nilikuta nakala iliyobanwa kwa pini, kurasa nne, inakwenda chuoni kwangu.

"Mimi niliyetia saini hapa chini," ilianza, "ndiye mwenye karafuu."

Nikakaa juu ya sakafu. Alikuwa ameeleza kwa nini alianika skulini: sakafu ya kwake ilikuwa imevunjwa ili ijengwe upya, na nani alikuwa akiijenga, na kwa nini kachelewa. Alikuwa ameeleza kwamba asubuhi ile alikwenda kunywa kahawa, kikombe kimoja tu, na kwamba kikombe kilirefuka kwa sababu alikuwa akimfafanulia muuza kahawa jambo fulani la urithi. Aliporudi mbio alikuta karafuu zake zimekusanywa, zimefunikwa, turubali limewekewa mawe kila pembe, na hakumwona mtu wa kumshukuru. "Msichana huyo hajui kwamba mali ni yangu," aliandika katika ukurasa wa nne, "na nimemkataza kujitetea, kwa kuwa anayepaswa kujieleza ni mimi niliyeziacha, si yeye aliyezianua." Kurasa nne nzima, na hakuna mstari mwekundu hata mmoja.

Hapo ndipo nilipoyakumbuka yale mawe. Mimi nilimsomea habari ya mvua, ya majamvi na ya turubali. Mawe sikuyataja. Aliyataja mwenyewe, mbele yangu na mbele ya fundi, kama yule bwana wa kesi ya mahari, nami mwanasheria mtarajiwa nikapitwa. Nilicheka peke yangu mle ndani, na nikalia kidogo.

Nikatoka na zile kurasa hadi uani. Wingu lilikuwa limekaa juu ya minazi na upepo umegeuka baridi.

"Mzee Karani, zile karafuu zilikuwa zako."

Akaziona karatasi mkononi mwangu. "Naam."

"Na jamvi la sita lilirowa."

"Lilirowa. Nikaliuza daraja la chini."

"Miaka yote hii! Nimekaa na wewe, nimekula na wewe. Mbona hukunambia?"

Alinitazama juu ya miwani kwa mshangao wa kweli, kama mwalimu aliyeona somo la kwanza kabisa limempotea mwanafunzi wake.

"Hukuniuliza," akasema.

Tone la kwanza likanipiga mkononi. Nikazitia kurasa zake nne ndani ya mkoba, nikakunja mikono ya buibui, nikapiga magoti penye jamvi. Nyuma yangu alikuwa keshaanza kunieleza kwa nini hakuzianua mapema. Safari hii nilijua za nani.